Kaskazi hii mchana kutwa tuko ndani, watoto na wazee mnawafanyisha nini?

UmmSwabra_Muyeye

Asalaam aleikum wote, na wengine hamjambo. Nawauliza wenzangu wa pwani, nyinyi saa za jua kali mnafanya nini na watu wa nyumbani? Huku kwetu Malindi joto la kaskazi limekuja na nguvu zake, kuanzia saa tano mpaka saa kumi huwezi kumtoa mtoto nje, mchanga wenyewe unachoma nyayo, na bahari tunaipenda lakini sio saa saba mchana. Nyumbani tuko wengi mashallah, kuna wangu watatu, kitinda mimba ana miaka minne na mkubwa yuko fom tu (kidato cha pili), halafu wameletwa wa dadangu kutoka Nairobi waje wapumzike, na mamangu mzazi naye yuko, magoti yamemshika hatoki sana lakini akili yake timamu kabisa.

Sasa shida ni hii, kukicha tu kila mtu na simu yake au wamegandana mbele ya tivi, wale wa Nairobi ndio usiseme. Stima ikipotea, na wakati wa joto inapotea sana, basi ni vilio, huyu kamfinya yule, yule kamnyang'anya huyu. Mamangu amekaa pembeni peke yake hakuna wa kumzungumzisha, na hilo ndilo linaniuma kuliko kelele zote. Nataka vitu ambavyo mtoto wa miaka minne na mzee wa sabini na kitu watakaa wafanye pamoja, visitake pesa nyingi wala stima, na visiwe vya kukimbizana maana nyumba yetu ni ya mabati, wakianza mbio humo ndani joto linakuwa maradufu. Msinambie niwapeleke hoteli wakaogelee, uwezo huo kwa sasa sina. Natanguliza shukrani.

BintiLangoni

Waaleikum salaam dadangu. Mimi niko Amu (Lamu) na hili swali limenigusa kwa sababu ya mamako, kwa hivyo nitaanza na yeye. Usimtafutie kitu cha kumpotezea wakati, mfanye yeye ndiye mwalimu, hao watoto wote watandikiwe mkeka wakae mbele yake. Muulize alipokuwa msichana mchana wa kaskazi alikuwa akifanya nini, utashangaa. Huku kwetu kazi zote za mikono zilikuwa za saa hizo, baada ya adhuhuri mpaka alasiri, kusuka ukili, kushona kofia, kutunga asumini, kupakana hina. Hakuna aliyekuwa akikaa bure akilalamikia joto, mikono inafanya kazi, mdomo unahadithia, jua lenyewe linashuka hujui limeshuka saa ngapi.

Ningekuwa wewe ningeanza na ukili. Waulize wanaouza mikeka hapo sokoni wakuuzie miyaa, yale majani makavu ya kusukia ukili (huku kwetu mafundi wenyewe wako Kipungani na Matondoni) ununue kidogo tu ya kujaribia. Ukitaka ya rangi ichemshe na rangi yake alfajiri, jiko likiwa bado halijawa adhabu. Halafu ichane nyembamba, iloweke kwenye maji ilainike, maana miyaa mikavu inakatika na inakata vidole. Huyo wa miaka minne kazi yake aitoe kwenye maji ampangie nyanya yake kwa rangi, nyekundu huku, kijani huku, naye ataona bila yeye kazi haiendi. Wa miaka saba nane aanze kusuka na miyaa mitatu, mkono ukizoea aongezewe. Na usiwaanzishe mkeka! Mkeka ni kazi ndefu, watauacha robo. Waanzishe kipepeo cha kujipepea. Kipepeo ni ukili kidogo tu unashonwa pamoja ukawa mraba, unatiwa kijiti upande mmoja, basi. Kinaisha haraka na kikiisha kila mtu ana chake, stima ikienda anajipepea na kumpepea nyanya. Mtoto akijipepea na kitu alichokisuka mwenyewe hakiachi, analala nacho.

Asumini nayo usiidharau. Huchumwa jioni jioni vikiwa bado vitumba vimefumba, mnavitunga hivyo hivyo, usiku ukiingia vinafunguka kwenye uzi na chumba chote kinanukia. Watoto wanapenda kungojea vifunguke kuliko hata kutunga kwenyewe. Mdogo usimpe sindano, mpe njukuti ya ufagio atungie hapo. Ukipata na mrehani nyanya awafundishe kufunga vikuba, vile vishada vya kunukia.

Na hao wavulana wakisema hayo ni mambo ya wanawake, wape kofia. Huku Amu wanaume wanashona kofia, utawapita wamekaa barazani na sindano zao, vitundu vidogo vidogo hivyo vinazungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia nzuri inauzwa pesa ya maana. Kijana wa fom tu anaweza kuanza na kipande cha kitambaa tu cha mazoezi, anachora ua, anatoboa, anazungushia. Ni kazi ya subira na joto linataka subira.

Saa nane iwe saa ya barafu. Ukwaju ulowekwe asubuhi, watoto waufikiche kwa mikono yao mpaka maji yawe mazito, uchuje, sukari, chumvi kidogo sana, na kwa wakubwa pilipili ukipenda, kisha kwenye vikombe na kijiti kila kimoja, friji ifanye kazi yake wakati stima iko. Mabuyu pia yanafaa, ule unga wake ukiukoroga na maziwa na sukari ukaugandisha. Kila mtoto awe na siku yake ya kuwa muuzaji, nyanya ndiye mteja wa kwanza na ana haki ya kulalamika haina sukari.

kaka_wa_Maweni

Dada hao watoto pia wafundishwe kulala mchana, si lazima kila saa iwe shughuli. Sisi tulikuwa tukishakula saa saba na nusu nyumba nzima inalala, hata kuku wamelala chini ya mwembe, alasiri ndio tunaamka. Na kuhusu simu mimi sioni ni adui, mpe huyo wa fom tu kazi ya kumrekodi nyanya yake akihadithia, sauti tu bila hata vidio. Aulize maswali, harusi yake ilikuwaje, Malindi ilikuwaje, vyakula gani walikuwa wakila mvua ikikosa. Mimi babangu mzazi alifariki na sauti yake sina hata moja, nalitamani sana hilo.

FundiPaa_Malindi

Naomba nichangie kwa upande mwingine. Maneno ya dada wa Amu nayaunga mkono yote lakini jamani yeye pengine anaandika akiwa ndani ya nyumba ya mawe. Zile nyumba za mitaa ya Mkomani na Langoni huko Lamu ukuta wake wa matumbawe na chokaa unafika nusu mita, vyumba ni vyembamba virefu kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti, dari iko juu huko, na katikati kuna kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kinachotoa nje hewa ya moto. Mchana unaingia humo unasikia mwili unapumua. Nyumba ya mabati isiyo na dari saa saba ni kitu kingine kabisa, joto linashuka kutoka juu moja kwa moja kichwani, na hapo hata mchezo uwe mtamu vipi mtoto atalia tu.

Kwa hivyo UmmSwabra kabla ya kuchagua mchezo chagua pahali. Pita kila chumba saa sita, simama, halafu kaa chini sakafuni, usikie tofauti. Hewa ya moto inapanda, kwa hivyo chini kwenye simenti iliyopigwa deki ndio baridi zaidi, mikeka itandikwe hapo na makochi muyaache. Madirisha fungua usiku kucha hewa ya baridi iingie (weka wavu wa mbu), asubuhi jua likishapanda funga na uteremshe pazia yale ya upande linakopiga jua, acha wazi yale ya kivulini. Upepo wa kaskazi unatoka upande wa Mambrui na Ngomeni huko, kwa hivyo dirisha la upande huo na la mkabala wake yakiwa wazi yote mawili upepo unapita, likiwa moja tu unaingia hauna pa kutokea. Leso iliyoloweshwa ikatundikwa hapo dirishani inasaidia kiasi, sio sana, kwa sababu hewa yetu tayari ina maji mengi, leso haikauki haraka kama kule bara.

Ukipata pesa kidogo baadaye weka dari, hata ya plaiwudi nyepesi, uache nafasi ya hewa kati yake na mabati, na upake mabati rangi nyeupe juu. Hayo mawili yanabadilisha nyumba. Kwa sasa kama jirani ana banda la makuti nendeni pale, makuti yanapitisha hewa na hayashiki joto, mimi nalihesabu banda la makuti kuwa ni ndani.

Na feni ieleweke, feni haipozi chumba, inakausha jasho mwilini ndio unasikia baridi. Chumba kikiwa hakina mtu izimeni. Na ile siku hewa yenyewe ni moto kupita kiasi mzee asiachwe na feni peke yake mkasema tumemaliza, mpanguseni na kitambaa cha maji shingoni na mikononi, mpeni maji kidogo kidogo asingojee kiu. Wazee kiu hawaisikii vizuri kama sisi. Mkimuona anachanganyikiwa maneno, au ngozi imekuwa ya moto na kizunguzungu kinamshika, hapo ni hospitali mara moja huku mnamwagia maji na kumpepea, sio kungoja jioni. Mtoto mdogo pia, akilegea na mkojo umekuwa wa rangi nzito au hakojoi, usikae.

UmmSwabra_Muyeye

Jamani mmenipa raha leo. FundiPaa nimefanya hivyo hivyo nimekaa sakafuni kila chumba, cha nyuma kiko kivulini na kina upepo, tulikuwa tunakifanya stoo! Tumekitoa vitu vyote. Binti wa Langoni nimemsomea mamangu maneno yako, amecheka akasema vipepeo alikuwa akivisuka tangu hajaolewa na vidole havijasahau, kesho ananituma miyaa. Wasichana wako tayari. Lakini huyu wangu mkubwa na binamu yake kofia wameigomea, wanataka kitu cha kushindana. Bao walisikia babu zao walikuwa wakicheza lakini hatuna, na lile la kuchonga bei yake siwezi. Kuna mtu anajua njia?

NahodhaMstaafu_Shela

Haya mwanangu ngoja nikweleze. Bao unalihitaji mashimo tu, ubao ni pambo. Tafuta trei mbili za mayai, zile za thelathini, tano kwa sita. Kila moja kata kipande cha nne kwa nne, viunganishe ubavu kwa ubavu kwa gundi au uzi, umepata mistari minne ya mashimo manane manane, jumla 32, na hilo ndilo bao kamili la Kiswahili. Kete ni 64. Kete za asli ni komwe, lakini kwa kuwa mnakamua ukwaju basi kokwa zake zioshe uzianike, ni ngumu, zinateleza vizuri mkononi na zina mlio. Ila mdogo wa miaka minne awe karibu na mtu mzima, watoto wa umri huo kokwa wanazitia puani.

Usiwaanzishie mchezo wa wakubwa wa kunamua na nyumba, watachanganyikiwa wauache. Waanze na bao la kujifunza. Kila shimo litiwe kete mbili, yote 32. Kila mtu ana mistari miwili ya upande wake, wa mbele na wa nyuma. Unachota kete za shimo lako moja lenye mbili au zaidi, unazitawanya moja moja kwa kuzunguka kwenye mistari yako. Ya mwisho ikianguka kwenye shimo tupu umelala, zamu ni ya mwenzako. Ikianguka shimo lako la mbele lenye kete na la mwenzako linaloelekeana nalo lina kete pia, umekula, unachukua zake na kuzitawanya kwako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele. Isipokula lakini imeangukia penye kete, unazoa zote pale unaendelea. Aliyemalizikiwa na kete mstari wa mbele amefungwa. Hayo yanatosha kuanza, kanuni za ndani za takata na mtaji watazisoma wakishakuwa na hamu.

Na kuna adabu ya bao ambayo ni sehemu ya mchezo. Kete hairudishwi ukishaiachia. Watazamaji wanaruhusiwa kusema, bao bila maneno si bao, lakini mkono wa mtazamaji haugusi shimo. Mfundishe kijana ahesabu kwa macho kabla hajachota, sio kwa kidole, hapo ndipo akili yake inaponoleka. Mimi nimewaona watoto wasiopenda hesabu shuleni wanapiga hesabu ya mizunguko mitatu mbele kwenye bao wala hawajui kuwa wanapiga hesabu. Mamako akiwa hapendi bao kuna dhumna (domino), mawe yake 28 tu na mchezo wa dakika chache, hata mwenye macho mazito anaona yale matundu, au drafti ya vifuniko vya soda, kumi na mbili kila mtu, ubao mnauchora kwenye katoni.

Mshairi_Mkomani

Mzee wangu Nahodha amesema yote ya bao. Mimi naleta ya mdomo, haigharimu hata senti na inachezwa gizani stima ikipotea.

Vitendawili kwanza, sababu hata huyo wa miaka minne ataingia. Popoo mbili zavuka mto, ni macho. Nyumba yangu haina mlango, yai. Kuku wangu katagia mibani, nanasi. Asiyejua atoe mji, na hapo ndipo penye raha, mtoto akikupa mji mwambie autaje vizuri, anipe Lamu anipe Mambrui anipe Nairobi, na aliyepewa mji aeleze amekwenda huko ameona nini ndio atoe jibu. Wa Nairobi watajifunza miji ya pwani bila kukaa darasani. Halafu siku ya pili watunge vyao kwa vitu vilivyomo nyumbani, feni, friji, simu. Vinakuwa vizuri ajabu.

Kwa wakubwa fanyeni shairi la kupokezana. Mstari mmoja mizani kumi na sita, nane nusu ya kwanza nane ya pili, vina vifanane katikati na mwisho. Mmoja anaanzisha, wa pili anafuata vina vile vile, wa tatu, na wa nne anatoa kituo, yaani mstari wa mwisho. Anayekosa mizani anawachotea wenzake maji ya kunywa. Hesabuni kwa kupiga kidole kwenye goti, kila silabi goti moja, hata asiyejua kusoma anahesabu. Nawaanzishia huu ubeti wenu wenyewe:

Jua kali la mchana, nje hatuwezi kutoka
Ndani tumekusanyana, na nyanya twafurahika
Tumesuka, tumeshona, barafu zinayeyuka

Kituo nimekiacha, vijana wa Muyeye wakimalizie. Kiishe na "na" hapo kati na "ka" mwishoni.

Jambo la mwisho, wageni wa Nairobi wasirudi bila kuona kitu. Siku moja watoke asubuhi mapema waingie makumbusho, humo ndani ni kivuli na kuta nene. Hapo Malindi mnayo kwenye Nyumba ya Nguzo. Mkiweza kufika Amu basi ngome yetu ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela tangu 1910 mpaka 1984, leo ina maonyesho na maktaba watoto wanakaa kusoma mchana. Na kwenye Makumbusho ya Lamu kuna siwa mbili, yaani baragumu kubwa za kupulizwa, ya Pate ya pembe za ndovu na ya Lamu ya shaba. Mwambie kila mtoto achague kitu kimoja tu akichore, akirudi amsimulie nyanya yake bila ya kumuonyesha mchoro, nyanya akijaribu kukijua ni kitu gani. Wanaangalia kwa makini wakijua wataulizwa.

BintiLangoni

Hiyo ya kutoa mji na kueleza umeona nini nimeipenda, leo usiku naijaribu na wajukuu wa jirani.

UmmSwabra_Muyeye

Mshairi, kituo hiki hapa, wamebishana nacho tangu saa tisa, goti limepigwa mpaka limewaka:

Joto hili tutaona, kama litatutoroka

Ni binamu wa Nairobi ndiye aliyekitoa, wenzake hawajaamini. Mamangu amesema mizani imetimia akamuongeza barafu. Trei za mayai nimezipata kwa muuza duka, bao liko tayari na kokwa za ukwaju zimeanikwa, ila kijana amesikia komwe sasa anataka komwe zenyewe. Nahodha, hizo zinapatikana wapi huku kwetu?

NahodhaMstaafu_Shela

Hahitaji kununua. Mkomwe unaota juu ya ufuo pale mchanga unapokutana na vichaka, ni mti wa kutambaa wenye miiba kila pahali, hata ganda la tunda lina miiba. Likikauka linapasuka lenyewe na ndani kuna komwe mbili hivi za rangi ya kijivu, ngumu mfano wa jiwe. Aende alfajiri au baada ya alasiri, avae viatu na suruali ndefu, asivute tawi kwa mkono, aokote zilizoanguka chini kwanza. Akifikisha 64 aongeze mbili tatu za akiba, maana komwe hupotea.